Anayefungwa Hulipa, Anayelipa Hushinda

Kwa miaka mingi wageni wanaoandika kuhusu Kakuma, kaskazini magharibi mwa Kenya, wamekuwa wakiwaambia wasomaji wao kwamba jina hilo ni la Kiswahili na kwamba maana yake ni "pasipo popote". Msomaji wa Kiswahili hubaki akijiuliza ni Kiswahili cha kisiwa gani. Hakuna kamusi yenye neno hilo kwa maana hiyo, na ukimtamkia mzee wa Lamu silabi hizo moja moja, atainamisha uso kwa sababu nyingine kabisa. Jina ni la Waturkana. Mji mdogo ulikuwa ukiitwa hivyo kabla ya kambi kufunguliwa mwaka 1992 kuwapokea vijana waliokimbia vita vya Sudan. Hata hivyo tafsiri hiyo ya uongo haifi, kwa kuwa inamfaa anayeieneza. Ikiwa wenyewe wamepaita "pasipo popote", nani atauliza kwa nini hapafikiwi?

Kutelekezwa kuna msamiati wake wa kweli huku, wala haukutungwa na mgeni. Mtu wa Lodwar, makao makuu ya kaunti ya Turkana, akipanda basi la Kitale husema anakwenda Kenya. Akirudi huulizwa habari za Kenya. Ng'ambo ya ziwa, katika kaunti ya Marsabit, imesimama mitambo 365 ya upepo iliyopewa jina la Ziwa Turkana, na umeme wake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Lodwar yenyewe kwa miaka mingi iliwashwa na jenereta za dizeli, nje ya gridi ya taifa. Jina limebaki, umeme umekwenda Kenya.

Kwa watu waliozoea hali hiyo, malalamiko ya wacheza gemu wa dunia hayana ugeni wowote. Wachezaji wa Marekani, Japani na Ulaya wamekuwa wakilia kwa zaidi ya miaka kumi na mitano kuhusu mambo mawili: kwamba gemu za siku hizi zinawanyonya pesa kila hatua, na kwamba wenye gemu wakishanyonya huzitupa. La kwanza makampuni yameliundia neno refu lisilo na harufu, lenye maana ya kukigeuza kitu kuwa fedha. Nimeona watu wakijaribu kulitafsiri kwa "ufedhishaji" na mengine ya aina hiyo, yanayosikika kama kipengele cha bajeti. Mimi nasema Kiswahili kina kitenzi tayari: kukamua. Serikali hukamua walipa kodi, matajiri hukamua vibarua, na gemu hukamua mchezaji. Ukamuaji, basi. Na neno hili lina faida ambayo lile la kampuni halina, kwamba mfugaji yeyote wa Turkana analijua kwa vidole: mbuzi hukamuliwa kwa kipimo, na mwanambuzi huachiwa titi lake. Anayekamua hadi damu ataambiwa hajui kukamua. La pili, kutupa mchezo ambao watu bado wanaucheza, lina neno lake mahakamani, lile linalotumika kwa mume aliyekimbia watoto. Utelekezaji.

Kabla ya kufika huko tuingie ukumbini, kwa sababu msamiati mzuri wa gemu huku haukuanzia kwenye simu. Ulianzia kwenye vibanda vya mabati.

Shirika la IFC la Benki ya Dunia lilipochunguza soko la Kakuma na kuchapisha ripoti yake mwaka 2018, lilikuta biashara zaidi ya 2,000 kambini na mjini, na mzunguko wa takriban dola milioni 56 kwa mwaka. Si zote zilikuwa za unga na mafuta. Kuna vinyozi, wenye mikahawa ya Kihabeshi, wachaji simu, waonyesha mpira, na kuna PS. Neno hilo la herufi mbili, "pi-esi", ni kifupi cha jina la mashine, lakini Kenya nzima limekuwa jina la mahali: "tukutane PS", "ametoroka shule yuko PS". Ndani kuna benchi, televisheni mbili au tatu zilizokingwa vumbi kwa kitambaa, na gemu ya kandanda. Lodwar ni hivyo hivyo. Bei hutajwa kwa Sheng: mechi ni ashu au mechi ni mbao, yaani shilingi kumi au ishirini, kutegemea mashine ni ya zamani kiasi gani.

Kitu cha kushika mkononi kina majina mawili, na ukitaka kumjua mtu alikotoka msikilize anakiitaje. Kijana wa Kenya huita padi. Mkongomani aliyekuja kupitia Uganda huita manete, kwa kuwa Kifaransa kilimtangulia. Wanakaa benchi moja, mmoja anasema "nipe padi", mwingine anampa manete, na mechi inaanza. Sijaona kamusi yoyote iliyosuluhisha jambo hili, na sioni haja. Sheikh Ahmed Nabhany wa Lamu alitupa "runinga", neno zuri sana, na Wakenya walio wengi bado wanasema tivii nje ya habari za saa moja. Neno halihitaji cheti ili liingie ukumbini.

Lililonivutia zaidi humo ni kanuni ya malipo: anayefungwa hulipa. Wawili wanakaa, mwenye ukumbi anaweka muda, na mechi ikiisha aliyeshindwa ndiye anayetoa mbao na kumpisha mwingine. Aliyeshinda anabaki kitini bila kutoa hata senti. Kijana hodari anaweza kucheza Jumamosi nzima kwa shilingi ishirini za wenzake. Ni kanuni kali, lakini ni ya wazi: kipaji kinakupunguzia gharama. Hakuna mtu aliyewahi kumwendea mwenye ukumbi na kumwambia, chukua mia, niongezee mabao mawili. Akisema hivyo atachekwa hadi Kalobeyei, makazi ya wakimbizi yaliyo jirani.

Na hicho ndicho gemu mpya zinachouza. Wachezaji wa nje wana msemo wa maneno matatu wa kulilaani jambo hili, na vijana wetu huutamka kwa Kiingereza kana kwamba ni jina la dawa. Kiswahili kinaweza kulisema kwa maneno mawili: lipa ushinde. Ni muundo tuliouzoea, amri ikifuatwa na tamaa, na unakaa vizuri kando ya "lipa na M-Pesa" iliyobandikwa kwenye ukuta wa kila duka kutoka Lokichoggio hadi Vanga. Anayefungwa hulipa, lipa ushinde. Kanuni ya ukumbi imepinduliwa kichwa chini, na anayeijua ya kwanza hahitaji kuelezwa ubaya wa ya pili.

Hapa lazima nikiri kwamba makampuni ya hapa nyumbani ni mafundi wa lugha kutushinda sisi waandishi. Angalia Safaricom. Ukiishiwa salio unaokoa jahazi, huko nyikani ambako hakuna aliyewahi kuona tanga la jahazi. Ukipungukiwa M-Pesa unafuliza, tangu Januari 2019, na neno lenyewe katika Kiswahili cha kale ni kufanya jambo mfululizo bila kukoma. Sijui kama aliyelichagua alikusudia ukweli huo wote. Kumgawia mwenzako salio ni kusambaza. Na Julai 2020 ikaja Lipa Mdogo Mdogo: toa shilingi elfu moja, kisha ishirini kila siku, na simu ya intaneti ni yako, ila ukikosa kulipa inajifunga. Mbao kwa siku. Bei ya mechi moja.

Simu hizo ndizo zilizoileta Free Fire na wenzake hadi kwenye mahema na manyatta, kwa kuwa ni gemu nyepesi, zinaingia kwenye simu dhaifu, na ni za bure. Neno "bure" nalo lingefaa kuwekewa alama ya hatari. Katika Kiswahili bure ina maana mbili zinazotazamana: isiyo na malipo, na isiyo na faida. Gemu ya bure haikutozi kuingia. Inakutoza ukiwa ndani, kidogo kidogo, kwa almasi, vyeti vya msimu, mavazi na bunduki zenye rangi. Malipo madogo madogo, ndilo jina ninalolipendekeza, kwa heshima ya ile mbao ya kila siku. Watu wa gemu wanakumbuka mfano wa mwanzo mwanzo: Aprili 2006 kampuni ya Bethesda iliuza deraya ya farasi katika gemu ya Oblivion kwa takriban dola mbili na nusu. Wachezaji walicheka. Haba na haba hujaza kibaba, tulifundishwa shuleni, na siku zote tulidhani kibaba ni chetu.

Miaka kumi na mitano baadaye, katika mwaka wa fedha uliomalizika Machi 2021, Electronic Arts ilipata dola bilioni 1.62 kutokana na sehemu moja tu ya gemu zake za michezo, ile ya kujenga timu kwa kununua pakiti za wachezaji. Nyingi ya pesa hizo zilitoka kwenye kandanda. Hapo ndipo ukamuaji na utelekezaji vinaposhikana mikono, na hapo ndipo PS ya Lodwar inapoumia bila kununua pakiti hata moja. Benchi la ukumbini halina haja na sehemu hiyo. Linacheza mtu na mtu, au mtu peke yake akiongoza klabu msimu hadi msimu, bila intaneti. Sehemu hizo haziwezi kukamuliwa. Ndiyo maana mwaka baada ya mwaka wachezaji wamelalamika kwamba zinaachwa vilevile, na makosa yaleyale, huku nguvu zote zikienda kwenye duka la ndani ya gemu. Mwenye ukumbi hulipa bei kamili ya gemu mpya, kisha hupeleka mashine Kitale au Eldoret kujaziwa, kwa sababu faili la makumi ya gigabaiti halipakuliwi kwa bando, akirudi akute tofauti kubwa ni jezi.

Pakiti yenyewe inahitaji jina. Unalipa pesa halisi, unafungua, na hujui utampata Mbappé au beki wa daraja la tatu. Waingereza wanaita sanduku la nyara. Wajapani wana neno linaloiga mlio wa mashine za kuuza vichezeo vya plastiki, ga-cha. Kwetu wengi wangekimbilia bahati nasibu, neno safi, lenye heshima, lililotumika kwa droo za serikali na za makanisa. Heshima hiyo ndiyo inayonizuia. Bahati nasibu ina tikiti zenye idadi, siku ya droo, na mshindi anayepigwa picha.

Kenya tuna neno jingine. Nenda kituo chochote cha mabasi: karata tatu juu ya boksi, mkono mwepesi, watu wawili wanaojifanya wateja na kushinda kwa kelele, na mgeni kutoka mashambani anayetoa nauli yake. Pata potea. Neno limeundwa kwa vitenzi viwili vilivyogongana, na la pili linakuja haraka kuliko la kwanza. Pakiti ya gemu ni sanduku la pata potea.

Msomaji mwenye haki atapinga. Atasema pata potea ni wizi, karata haipo pale ulipoiona, ilhali pakiti ina uwezekano uliopangwa na wakati mwingine uliochapishwa. Ni kweli, na China ndiyo iliyolazimisha kuchapishwa huko tangu Mei 2017. Japani ilikuwa imepiga marufuku aina mbaya kuliko zote mwaka 2012, ile ya kukusanya seti nzima ya vitu vya bahati ili upewe kimoja cha thamani. Ubelgiji ikasema Aprili 2018 kwamba masanduku haya ni kamari, na kufikia mwisho wa Januari 2019 pointi za gemu ya kandanda ya FIFA zilikuwa haziuzwi tena huko. Uholanzi ilitoza Electronic Arts faini ya euro milioni 10, kisha Machi 2022 mahakama ya juu ya utawala ikaifuta. Mabwana wa sheria, basi, hawakubaliani. Ila mimi sitafuti neno la kisheria. Natafuta neno ambalo mama wa Kakuma akiambiwa mwanawe amelipia, ataelewa papo hapo kwa nini hana budi kusimama. Ukimwambia "amenunua pakiti", atadhani ni ya maziwa.

Tena hatukuwa wageni wa jambo hili. Zile mashine za sarafu zilizoenea hadi vijiji vya mbali, zilizoitwa bonanza, ziliwafunza watoto mlio wa kukaribia kushinda kabla hawajagusa simu, hata serikali ikazikamata na kuziteketeza. Kisha kubeti kukahamia mfukoni na kuleta msamiati wake: mkeka, mkeka kuchanika, odi. Mchezaji wa kandanda wa PS na mtandika mkeka mara nyingi ni kijana yuleyule. Tofauti ni kwamba mkeka ukikubali hukupa pesa. Sanduku likikubali hukupa picha ya Mbappé, na Septemba gemu mpya ikitoka picha hiyo haivuki nawe.

Juu ya sarafu za ndani ya gemu, sidhani kuna mahali duniani panapoweza kuzieleza vizuri kuliko Kakuma. Jambo lenyewe ni hili: gemu haikuuzii shoka kwa shilingi. Hukuuzia kwanza almasi au pointi, kwa mafungu yasiyolingana na bei ya shoka, kisha almasi hizo hutumika dukani mwake tu. Hazirudi kuwa shilingi. Wanauchumi wana jina la kitaalamu. Watu wa kambini walikuwa na uzoefu. Mwaka 2015 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza kubadili sehemu ya mgao kuwa thamani iliyotumwa kwenye laini ya simu. Ilinunua chakula tu, kwa wafanyabiashara walioteuliwa tu, na haikutoka kama pesa taslimu. Iliitwa Bamba Chakula.

Jina hilo ni kazi ya fundi. Kubamba katika Kiswahili sanifu ni kushika kwa nguvu au kukamata, na polisi hubamba wezi. Katika Sheng kitu kinachobamba kinapendeza. Na kadi za salio za Safaricom zilikuwa zimeshaitwa Bamba kabla ya chakula. Kwa hiyo mkimbizi alipokea neno lenye ukamataji, utamu na simu, vyote kwa silabi mbili. Aliyehitaji sabuni au karo alinunua unga kwa bamba na kuuuza kwa hasara ili apate shilingi. Hasara hiyo, pengo kati ya thamani iliyofungiwa na thamani huru, ndilo jambo ambalo kampuni za gemu zimelijenga kwa makusudi.

Sifananishi njaa na mchezo. Bamba Chakula ilikuwa na sababu zake, ililisha watu, na baadaye Kalobeyei wengi walihamishiwa kwenye fedha huru kupitia benki. Mgao wenyewe ulipokatwa vibaya mwaka 2025, watu waliandamana, na hakuna aliyekuwa akifikiria almasi. Ninachosema ni kwamba neno lipo. Sarafu ya gemu ni bamba. "Ana bamba mia tano za Free Fire" inaeleza kwa pumzi moja kwamba anacho kitu na kwamba hawezi kutoka nacho.

Kuna istilahi moja ya viwandani ambayo ningependa isitafsiriwe kabisa, au itafsiriwe ili watu waione. Watengenezaji huwaita wateja wanaotumia pesa nyingi nyangumi. Kiswahili kina samaki wake wa kijamii: papa ndiye mkubwa anayekula wadogo, na dagaa ni sisi tuliobaki, hata magazeti huandika kuhusu mapapa wa ufisadi. Kijana akisikia hivyo atadhani mlipaji mkubwa ni papa, mwenye nguvu, mla wenzake. Lakini nyangumi huwindwa kwa mafuta yake. Neno la Kiingereza limetunza ukweli kuhusu nani ameshika mkuki, na tafsiri ya haraka ingeupoteza.

Sasa kununua. Kiswahili ni makini sana hapa. Nyumba hupangwa, baiskeli hukodiwa, sufuria huazimwa na kurudishwa yenyewe, pesa hukopwa na kurudishwa nyingine, shamba huwekwa rehani. Kununua ni kitenzi cha mwisho: bei imelipwa, kitu kimehama. Hata simu ya Lipa Mdogo Mdogo hufika siku ikafunguka na kuwa yako. Je, gemu iliyopakuliwa imenunuliwa? Mnamo Machi 31, 2024 kampuni ya Ubisoft ilizima seva za The Crew, gemu ya magari iliyotoka mwaka 2014. Kwa kuwa haikuweza kuchezwa bila seva, waliolipa walibaki na kasha. Mwezi uliofuata Ross Scott, Mmarekani mwenye chaneli ya video, akaanzisha kampeni ya kutaka gemu zisiuawe, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilikuwa limepita saini milioni moja. California ilichukua njia ya mwanaistilahi. Sheria iliyotiwa saini Septemba 2024 na kuanza kutumika Januari 2025 inamkataza muuzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anapata leseni tu, isipokuwa bidhaa yenyewe haiwezi kunyang'anywa tena.

Bunge limekaa na kujadili kitenzi. Nilifurahi kama mtu aliyeona jina la kijiji chake kwenye ramani. Kwetu kitenzi sahihi nadhani si kukodi, kwa sababu mwenye kukodi hujua siku ya kurudisha. Ni kuruhusiwa. Mtu hanunui gemu ya seva. Analipia ruhusa, na ruhusa hutolewa na kuondolewa na aliye juu. Wakazi wa kambi, ambao kutoka kwao kwenda Lodwar, kilomita 120 hivi, kumehitaji kibali cha maandishi, wanalijua neno ruhusa hadi kwenye mhuri wake.

Huko Lodwar nimewahi kusikia gemu iliyoachwa ikiitwa "gofu", kama nyumba iliyobaki kuta. Gofu ni neno la pwani, la Gede na Songo Mnara, na sijui lilipandaje hadi huku, lakini ni sahihi kuliko yote. Gemu ambayo bado inafunguka, duka lake bado linapokea pesa, na ndani hamna mpinzani wala marekebisho, ni gofu lenye mlinda mlango.

Kuhusu marekebisho, neno lake la Kiingereza linatafsirika moja kwa moja: kiraka. Zamani kiraka kilikuwa cha nguo iliyochakaa. Siku hizi nguo huuzwa mpya ikiwa na viraka, na vingine vimeahidiwa. Septemba 30, 2021 Konami ilitoa eFootball, mrithi wa Pro Evolution Soccer, ile PES iliyolea ukumbi wa kila mtaa wa Afrika Mashariki, ikiwa na nyuso zilizopinda na timu chache. Kwenye duka la Steam ikawa gemu iliyopewa alama mbaya kuliko zote wakati huo. Kampuni ikaomba radhi, na toleo lililoitwa la kwanza likafika Aprili 2022. Wakati huohuo, kwenye simu za bei nafuu, vijana walikuwa wakipeana kwa bluetooth PES za zamani ambazo mashabiki wasiolipwa na mtu wamezishona upya: vikosi vya msimu huu, jezi za msimu huu, sauti ya mtangazaji Peter Drury. Viraka vya bure juu ya gofu. Mwenye nyumba hayupo, wapangaji wanapaka chokaa.

Kuna mtu mmoja aliyejaribu kuligeuza duka la ndani ya gemu liangalie upande mwingine. Lual Mayen alizaliwa wazazi wake wakikimbia vita vya Sudan, akakulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake aliweka akiba miaka mitatu akamnunulia kompyuta ya dola 300. Akajifunza mwenyewe kutengeneza gemu, akaunda moja akaiita Salaam. Mchezaji ni mkimbizi anayekimbia. Nguvu zikimwishia, hununua maji, chakula au dawa kwa pesa halisi, na mpango aliouleza Mayen ni kwamba pesa hizo zimnunulie mkimbizi halisi vitu hivyohivyo. Mwaka 2018 alitambuliwa katika tuzo za The Game Awards. Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilishuku kidogo, kwa sababu huruma nayo hukamuliwa. Lakini hapo angalau mchezaji anajua anachokilipia na kinakwenda kwa nani.

Limebaki neno moja lililonisumbua kuliko yote, la kazi ile ya kurudia jambo lilelile kwa saa nyingi ili upate bila kulipa. Kiingereza husema kusaga. Novemba 2017, Star Wars Battlefront II ilipokaribia kutoka, wachezaji walipiga hesabu wakaona mhusika mmoja mashuhuri angehitaji takriban saa 40 za usagaji. Electronic Arts, mwenye gemu hiyo, ikajibu kwamba nia ni kumpa mchezaji fahari ya kufanikiwa, na jibu hilo likapigiwa kura za kukataliwa zaidi ya 600,000. Bei ikashushwa kwa asilimia 75.

"Kusaga" haifai, kwa Kiswahili kinachosagwa hutoa unga. Neno nililipata Kakuma, kwenye kutoelewana. Mrundi aliyelelewa katika kambi za Tanzania alisema amesota siku tatu kupata bunduki. Mkenya akampa pole na kumtolea mbao, kwa sababu kwa Mkenya aliyesota hana hata senti. Walicheka, lakini wote wawili walikuwa wamesema kweli kuhusu gemu ileile: anasota kwa muda kwa kuwa amesota kwa fedha, na gemu imepunguzwa mwendo makusudi ili asiyesota anunue kasi. Maana hiyo ya gemu haimo katika kamusi zetu. Nimeandika pembeni mwa nakala yangu, kwa kalamu:

sota kt. 1 enda kwa kujikokota kwa makalio. 2 kaa muda mrefu katika taabu: *~ rumande*. 3 (Ke) ishiwa na pesa. 4 (gemu) rudia kazi ileile kwa saa nyingi kwa kukosa cha kulipia njia ya mkato, tz. *lipa ushinde*.